Jumbe za Baba Yake Linet

Ekerenyo, Nyamira
14 Julai 2025

Kwa kaka yangu Anyona,

Pokea salamu zangu. Natumai hujambo. Machogu, dereva wa lori la ndizi atakayekuletea barua hii, alinieleza kwamba alikuona Changamwe umenenepa, una mke na mtoto mchanga. Namshukuru Mungu kwa afya yako. Huku nasi tu wazima. Mvua imezidi, na majani ya chai yamestawi kuliko mikono ya kuyachuma.

Linet wako yuko Kidato cha Pili, katika shule ninayofundisha. Amenipita kwa kimo. Ni miaka saba sasa tangu umwache kwangu, juma moja baada ya kumzika mama yake, ukasema unakwenda kutafuta kazi na kwamba utapiga simu.

Muhula huu nafundisha fasihi kwa filamu fupi za vibonzo. Nilipata projekta kuukuu dukani kwa Vasant mjini Kisii, tukaziba madirisha kwa magunia. Wanafunzi waliokuwa wakisinzia nikitaja dhamira na wahusika, siku hizi hufika darasani kabla yangu. Wiki mbili zilizopita tulitazama filamu ya kinyonga na kobe wanaogombania njia ya mtoni. Kisha nikaandika maneno yao ubaoni bila majina, nikauliza nani kasema lipi. Niliwafunza kwamba kila mhusika ana lugha yake, ila mwandishi mzembe huwapa wote lugha yake mwenyewe. Linet hakukosea hata sentensi moja. Nilijivunia, kaka.

Jioni hiyo nikisonga ugali, akaja na daftari alimokuwa amenakili jumbe zote za baba yake nilizomsomea kwenye simu tangu akiwa mdogo. Alikuwa amepigia mistari maneno fulani. Akaniuliza kwa upole, “Shangazi, baba aliacha shule darasa la sita. Hii ‘aghalabu’ aliitoa wapi?”

Wewe unajua hukutuma hata neno moja. Ni mimi. Nilisajili laini ya pili, nikaihifadhi kwa jina lako. Ujumbe wa kwanza niliuandika kwa kuwa mtoto alikuwa amekataa kula siku tatu. Wa pili na nyingine zote sina sababu nzuri hivyo. Kila pendo nililokuwa nalo nilimpa kwa jina lako, kisha nikamwonea wivu baba niliyemtunga mwenyewe.

Nilimkiria yote. Akauliza kama u hai. Nikasema ndiyo. Akalitia daftari motoni, akasema, “Basi yeye alinyamaza tu. Wewe ndiye uliyenidanganya.” Tangu hapo hata nyumbani ananiita Mwalimu.

Nimekuchukia, Anyona, na bado sijamaliza. Lakini usimwandikie. Atayapekua maneno yako akinitafuta mimi ndani yake, na hata yakiwa yako kweli hatayaamini. Ukiwa na neno kwake, lilete kwa miguu yako. Kama huna, endelea kunyamaza.

Msalimie mkeo na umpakate mtoto kwa niaba yangu. Mama naye anakusalimu sana. Nilikuwa nikimsomea jumbe zilezile, na yeye bado sijamwambia.

Ni mimi dada yako,
Nyanchama