Miezi Miwili ya Bendi ya Shoka

Jumamosi, 6 Julai 2024
Tumeanza. Watatu tu, ndani ya ghala tupu la karafuu la kina Hamdan, hapa Mgogoni. Hamdan karudi kutoka Unguja na gitaa la umeme, zawadi ya mgeni wa hoteli aliyokuwa akifanyia kazi. Mimi ngoma. Ngwali sauti — msoma kasida wetu tangu chuo cha Kurani. Muziki wenyewe Hamdan anauita thrash: mbio, gitaa linakwaruza, mwimbaji ananguruma. Jina la bendi Shoka. Vidole vyote plasta.

Jumatano, 17 Julai
Bi Mwanamize, jirani wa ghala, kabisha hodi na chetezo cha ubani mkononi. Kasikia mtu kapandwa na shetani, kaja kusaidia. Ngwali kamwambia, kwa adabu, kuwa anaimba.
"Unaimba? Na maneno yako wapi, mwanangu?"
Kweli, hayakuwapo. Alipoondoka, Ngwali akakaa pembeni na kalamu.

Alhamisi, 18 Julai
Ngwali kaleta maneno. Ni juu ya kaka yake Masoud, aliyeanguka mkarafuuni mwaka juzi akafa. Mwenye shamba alipofika aliuliza kwanza tawi gani limevunjika. Ngwali kalirudia swali hilo mara nane, kila mara sauti inashuka zaidi. Hamdan alikosea gitaa.

Jumamosi, 24 Agosti
Tumepiga mbele za watu! Kiwanjani Kiuyu, kabla ya fainali. Nyimbo tatu. Ya kwanza walicheka. Ya pili wengine wakaziba masikio. Ya Masoud — kimya. Wachumaji wengi pale, wameelewa.
Halafu nikamwona Mzee Shaame, baba yake Ngwali, kasimama nyuma ya goli. Muadhini wa miaka thelathini. Nikasema leo tumekwisha.
Kaja taratibu, kampa mwanawe mkono.
"Unakata pumzi mapema," kamwambia. "Jina la Masoud lishushie tumboni, usiliache kooni."
Basi. Kaenda kutazama mpira.

Jumatatu, 2 Septemba
Mzee Shaame kapata kiharusi jana asubuhi. Mkono wa kulia na ulimi. Anajua watu, ila maneno hayatoki. Nimekwenda kumtazama na Hamdan. Ngwali alikuwa akimlisha uji. Mazoezi hakuna.

Ijumaa, 6 Septemba
Adhana ya Ijumaa kaadhini Ngwali. Hakuna aliyemwomba. Mzee hawezi kuomba. Sauti imekwaruzika kwa muziki wetu, lakini pumzi ndefu, haikukatika hata mara moja. Wanaume walikuwa wakitazamana. Mimi nilikuwa natia udhu, nikasahau nimefika mguu gani.
Jioni Hamdan kapigiwa simu: Unguja wanatutaka, tamasha la vijana, Jumamosi ijayo. Watu mia tano! Nimefurahi. Kisha nikaona haya kufurahi.

Jumapili, 8 Septemba
Tumemwambia Ngwali. Kasema atafikiri. Hamdan kamkumbusha ni siku tatu tu.
"Siku tatu ni nyakati kumi na tano za adhana," Ngwali kajibu. Bila hasira.

Alhamisi, 12 Septemba
Bandarini Mkoani, asubuhi, boti ya Unguja inapakia. Naandika nimekalia ngoma.
Ngwali kaja. Hana begi. Kamletea Hamdan maneno ya wimbo, kayaandika upya kwa herufi kubwa.
"Imba wewe. Unayajua."
Hamdan hajaipokea karatasi. "Masoud hakuwa kaka yangu mimi, Ngwali. Nitangurumaje?"
"Basi pigeni bila maneno."
"Bila maneno Bi Mwanamize atatufukiza ubani."
Tumecheka sote watatu.
Ngwali anatazama saa. Ana safari ndefu hadi Mgogoni, na adhuhuri haingoji mtu. Lakini hajaondoka. Hamdan kapanda ngazi mbili za boti, kashuka moja.
Mchukuzi kaniuliza ngoma zipande au zibaki. Nimemwambia anipe dakika moja. Kaniuliza tena.