Unataka Maji

4 Machi

Mwanangu,

U hali gani, na kifua je? Sisi hatujambo, ila goti langu limeanza tena ukaidi wake. Mwanao Chiriku ametimiza miaka minne, na bado ni chiriku asiyeongea. Jina tulimpa kabla ya kumjua.

Jana nilimpeleka kwa daktari mpya. Karatasi ya mwaka jana ilisema usonji. Huyu akaniuliza, "Bibi, huwa anajali wenzake?" Nikamwambia, tena sana! Tangu Desemba ana maneno mawili tu, ananiuliza, "Unataka maji?" Namjibu ndiyo, najaza kikombe, nakunywa. Daktari akaandika: si usonji, amechelewa kusema tu. Nafasi yake kwa yule mwalimu anayefundisha watoto kusema imefutwa, apewe mwingine. Nilirudi nyumbani natembea kama msichana.

Mama yako

20 Machi

Mama, shikamoo.

Mimi mzima, kifua kimetulia. Barua yako nimeisomea kwenye chumba cha pasi hapa hotelini, nikawatangazia wenzangu wote. Hata msimamizi, ambaye sijawahi kumwona akicheka, alinipa mkono.

Jambo moja tu. Ukishakunywa, yeye hufanya nini?

Mwanao

6 Aprili

Mwanangu,

Natumai hujambo. Hufanya nini? Hulia, hujibwaga chini. Nilidhani ni deko.

Baada ya barua yako nilimpa kikombe yeye. Akanywa, akasema tena, "Unataka maji," nikampa cha pili. Hasemi "nataka", mwanangu. Anaomba kwa maneno yale yale ninayomwuliza mimi. Miezi minne nimekunywa maji ya mtoto huku nikimsifu kwa ukarimu.

Nimwambie daktari?

Mama yako

22 Aprili

Mama, shikamoo.

Usimwambie. Si sasa. Huenda amechelewa tu kweli. Watoto wengi huchanganya maneno. Niache niifurahie kidogo karatasi hii isemayo si usonji.

Mwanao

17 Mei

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sikukusikiliza. Nilikwenda nikamweleza daktari kosa langu mbele ya wauguzi wawili, aibu tupu. Hakukasirika. Ameandika: huenda ni usonji, huenda sivyo, aangaliwe tena baada ya miezi sita. Nikamwuliza, ndiyo au hapana? Akasema hajui, na hataki kunidanganya. Mwalimu amempokea tena, Jumanne na Alhamisi.

Najua nimekunyang'anya furaha. Nilikuwa nayo mimi pia.

Mama yako

3 Julai

Mama, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Umengoja sana jibu langu, najua. Nilikasirika, nikakosa pa kuipeleka hasira, nikawa napiga pasi hata mashuka yaliyokwisha kupigwa.

Sikuwa nangoja daktari aseme mtoto ana nini. Nilitaka mtu aniandikie kwamba hana kitu, ili miaka miwili niliyomwacha isiwe kosa. Karatasi zake tatu ulizonitumia nimezisoma zote, na mwanangu sijawahi kumsikia akiomba chochote.

Nimepewa likizo. Nafika tarehe ishirini. Usimfundishe kuniita mama, wala usimlazimishe kunisalimu. Nitakaa tu pale chini anapokaa.

Mwanao