Njia ya Sange

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Shangazi mpendwa,

Leo nitakueleza yote, hata jambo ambalo Baba alisema nisikusumbue nalo.

Kwanza, asante sana kwa kitabu cha wanyama wadogo. Nimempenda sange, mwenye pua ndefu na umbo la panya. Huondoa majani kwenye njia zake, ili akifukuzwa akimbie bila kikwazo.

Shangazi, macho ya Bibi yanafifia. Tangu ajikwae kwenye kigoda akaanguka, alikuwa hataki kutoka kitandani. Basi niliondoa kigoda, ndoo na viatu vya Baba, kuanzia kitandani kwake hadi mlangoni, nikamsomea habari za sange.

"Kwa hiyo mimi ni panya?" akauliza.

"Hapana, Bibi. Kitabu kinasema sange ana undugu wa karibu zaidi na tembo kuliko panya."

"Haya, tembo apishwe!"

Akainuka, akatembea mwenyewe mpaka mlangoni, akakaa juani akicheka. Kitabu chako ndicho kilichomwinua, nami sijui nikushukuruje.

Daktari anasema macho hayatapona. Kwa sasa bado anaona uso wa mtu akisogea karibu. Utakuja lini, Shangazi, akuone?

Nasubiri jibu lako,
Mwanao, mfagiaji wa njia