Gari Lililokaa Juu ya Mawe

Komarock, Alhamisi jioni

Mama,

Gari limeshuka kutoka juu ya mawe. Ni Aprili, mvua inanyesha, mtaa mzima umekuwa uji, na ile spoti ya mume wako imesimama uani kwa magurudumu yake manne. Ungekuwepo ungedhani umekosea nyumba.

Nakuandikia kwa sababu Jumamosi tunakuja kwako. Umetimiza mwaka, na akina mama wa kanisa wamesema kaburi lako lisiendelee kukaa na ule msalaba wa mbao ambao mchwa wameshauanza. Saruji imeshafika nyumbani, fundi naye amepatikana. Baba amekataa kuja kwa basi. Anataka kuja na gari lile, kwa lami mpaka Tala, kisha ile njia yetu ya udongo mpaka kwa nyanya. Na anataka niketi mbele, kando yake, pale pako. Tangu Jumapili ananiuliza kama nitapanda, nami namjibu, tutaona. Nilikuwa nimeapa kimoyomoyo kwamba sitatia mguu ndani ya gari lile mpaka aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba alikosa.

Historia yake unaijua, lakini niache niirudie, kwa sababu hasira yangu hupenda kuanzia mwanzo. Baba alilinunua kwa yule mhandisi ambaye alikuwa dereva wake, mhandisi alipomaliza kazi na kurudi kwao. Gari jekundu, milango miwili, limelala chini hivi kwamba ulikuwa huwezi kutoka bila kushika paa kwa mkono mmoja na sketi kwa mwingine. Ulisema kuingia ni kama kuingia shimoni na kutoka ni kama kuzaliwa upya. Jumapili tulikwenda nalo kanisani Buruburu, madirisha wazi, naye analiegesha mbele kabisa ya mlango, mchungaji mwenyewe apite kwa ubavu. Nyumba yetu ilikuwa na bati linalovuja jikoni, lakini gari lilikuwa na blanketi.

Na kila mvua za masika zilipokaribia, kulikuwa na ile ibada yake nyingine. Mawe manne ya kujengea, jeki, magurudumu yanang'olewa na kusukumwa chini ya kitanda chenu, turubai juu, kamba. Mpaka Juni. "Hii ni gari ya lami," alikuwa akimwambia kila aliyeuliza. "Inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ikikanyaga tope, matako yanataka kutangulia kichwa." Watu walicheka, naye alipenda wakicheka. Hakuna aliyemuuliza kuhusu wewe, uliyelala juu ya tairi nne na kukohoa miezi miwili kwa ile harufu ya mpira.

Mwaka jana ulimwomba. Nilikuwepo, nachambua mchele mezani, na yale maneno nimeyahifadhi kuliko aya yoyote ya Biblia. Ulisema, "Baba Mwende, mwaka huu liache chini. Kifua changu sikiamini." Hukumwomba kitu kingine tangu nikujue. Akakujibu kwamba teksi ziko, matatu ziko, na kwamba Mungu hajalala. Jumamosi hiyo hiyo akalipandisha juu ya mawe. Jumanne ikawa ile Jumanne.

Sasa nikueleze alichofanya juma hili, ndipo ujue kwa nini nilitaka kutupa spana ukutani.

Jumatatu alichukua likizo. Akatoa tairi zake pana chini ya kitanda, akaziweka kando, akafunga nyingine nyembamba zenye meno marefu alizozipata kwa mtu wa mitumba pale Jogoo Road. Zinakata tope mpaka zifike chini kwenye udongo mgumu, aliniambia, zile pana huelea tu. Akanituma kwa mafundi wanaojenga mtaa wa pili nikanunue mchanga. Tukajaza magunia mawili, tukayalaza ndani ya buti, juu kabisa ya ekseli, kwa sababu gari hili ni jepesi nyuma, na magurudumu yanayosukuma yasipokandamizwa huzunguka bure. Tukayafunga kwa kamba yasitembee. Mama, magunia mawili ya mchanga. Mchanga umejaa kote Komarock, kila mtu anajenga.

Jumanne tulikwenda soko la Burma. Nyuma ya mabucha, pale alipokuwa akila nyama na wenzake wewe ukimwekea chakula kinachopoa, kuna fundi wa kuchomelea. Alimtengenezea minyororo ya kuvisha magurudumu ya nyuma, na bamba la chuma la kukinga tumbo la gari lisipasuliwe na mawe. Fundi alilizunguka lile gari akatikisa kichwa. "Mzee, hii spoti si ya ushago, si ya njia za kijijini," alisema. "Lakini ukifunga hizi, itapanda kama mbuzi." Baba akasema asante kwa sauti ndogo, na mimi nikatazama upande wa nyama.

Tuliporudi, akakata tyubu kuukuu ya baiskeli akafunika nayo nyaya za plagi maji yasiingie. Akabadilisha waipa. Akanionyesha namna ya kuondoka topeni kwa gia ya pili, mguu mwepesi, gari lisistuke. Akapakia koleo, kamba na mbao mbili za kutia chini ya magurudumu. Kufikia jioni gari lilikuwa tayari. Akalitoa nje ya lango, akalipeleka mpaka kwenye lile bonde la udongo mweusi ambapo lori la maji hukwama, akapita. Liliyumba kidogo, likapita. Akageuka, akapita tena.

Siku mbili. Miaka yote ile aliyosema haiwezekani, ilikuwa kazi ya siku mbili. Nilisimama pale na mwavuli nikakulilia upya, kilio kibaya kuliko cha mazishi, kwa sababu kwenye mazishi nilidhani ulikufa kwa kukosa njia.

Kisha jana, Mama. Jana ndiyo sababu ya barua hii.

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa buti, karibu na magunia, akikaza kamba ambayo ilikuwa imekazwa tayari. Akasema bila kunitazama, "Mwende, ningelifanya hivi mwaka jana. Mama yako aliniomba. Nililipenda hili gari kuliko nilivyomsikiliza."

Ndiyo hayo. Maneno niliyoyangoja mwaka mzima. Nilikuwa nimejiandalia jibu, tena refu, la kumkoma nyani giladi. Nilidhani nitayala maneno yale kama pilau. Yakawa shubiri, kwa sababu hakuishia hapo. Alisema, "Na yule jirani naye, siku hiyo pickup yake ikawa imetoka. Kila mlango ulikuwa umefungwa." Halafu akaniomba spana namba kumi na tatu. Nikampa.

Nilimpa spana, Mama.

Wacha nikuandikie niliyokuficha, nawe uliondoka ukiamini uongo wangu. Asubuhi ile, saa nne, Baba yuko kazini na teksi haziingii mtaani kwa tope, ulipokuwa umeinamia dirisha ukitafuta hewa na ile dawa ya kuvuta imekwisha, uliniambia niende kwa Baba Achieng nimwombe atupeleke hospitali. Nyumba sita tu. Nilikwenda. Unajua Baba alivyokuwa amemfanyia yule mzee wa reli: alivyomcheka mbele ya kanisa siku mzee alipotaka kutupa lifti, Baba akasema familia yake haiwezi kupanda kitu kinachobeba kuku na makaa. Sote tulicheka siku hiyo, mimi zaidi ya wote. Wewe peke yako ndiye uliyeinama.

Pickup ilikuwepo. Ilikuwa pale langoni, boneti bado lina mvuke, amerudi kutoka zamu ya usiku. Nilisimama nje ya ua nikiwa na tope mpaka magotini. Ndani nikamsikia Mama Achieng akicheka. Pengine alikuwa akimcheka mtoto, pengine redio. Mimi nikaona wanatucheka sisi, watu wa spoti, wenye gari jekundu juu ya mawe, tumekuja kuomba gari la kuku. Uso ukaniwaka. Nikajiambia mvua itapungua, nikajiambia umeshawahi kubanwa hivi ukapona. Nikageuka. Nikakwambia, "Haiko, Mama. Imetoka."

Ukasema basi tungoje kidogo. Ukanihurumia viatu vyangu.

Tulingoja mpaka saa sita. Midomo yako ilipobadilika rangi ndipo nikakimbia kuwaita wale vijana wa mkokoteni wa maji. Mengine unayajua, isipokuwa mwisho. Mkokoteni ulikwama mara tatu. Mtu tusiyemjua alitusimamishia gari Kangundo Road, nawe ulikuwa umeshaondoka mapajani mwangu kabla hatujaliona geti la hospitali. Nilikuwa nikiendelea kukupepea kwa leso. Yule mtu ndiye aliyenishika mkono akaniambia niache.

Ulikuwa ukisema mficha uchi hazai. Mimi nilificha uchi wa gari, Mama. Wa gari.

Na uongo haukai mahali ulipowekwa. Siku ya matanga Baba Achieng alikuja, akamshika Baba mkono, akasema, "Ningejua tu, ningekuja hata kwa kaptura." Baba akautoa mkono wake. Aliona ni unafiki: mtu ambaye hakuwepo anajifanya angekuwepo. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la chai, nikajitia hamnazo. Yule mzee akawabeba akina mama wa kanisa kwenye pickup ile ile mpaka nyumbani kukuzika, kwenda na kurudi, wala hakumwambia mtu kwamba mafuta aliyajaza kwa pesa zake. Tangu siku hiyo Baba hajamsalimia. Wakikutana dukani mmoja hutazama maziwa, mwingine hutazama mkate. Mwaka mzima, kwa sababu ya maneno yangu matatu.

Nilikuwa na mahali pazuri pa kuweka lawama, pakubwa na pekundu, pana turubai juu. Kila nilipoamka nililipitia lile gari nikalitemea mate kwa moyo. Na yeye, mtu mwenye kiburi kuliko wote niliowahi kuwajua, amekaa kando ya magunia ya mchanga akakiri kwamba alikosa, akanyanyua na sehemu yangu akaibeba bila kujua. Nimemchukia zaidi kwa hilo. Nakwambia ukweli. Angeendelea kuwa jeuri ningepata usingizi.

Sikuombi unisamehe leo. Barua haijibiwi, na mtu akijisamehe kwa niaba ya marehemu huo ni wizi. Ila nakuahidi mambo haya. Kesho Baba akitoka kazini, kabla hajavua viatu, nitamwambia pickup ilikuwepo. Nitamwambia nilisimama wapi na niliona nini, pamoja na boneti lenye mvuke. Kisha nitakwenda zile nyumba sita, na safari hii nitabisha hodi, nimwambie Baba Achieng kwamba ulimwita na mimi ndiye niliyelimeza neno lako. Nikikuta wanacheka, wacheke.

Sijui Baba atafanya nini. Anaweza kunipiga, ingawa nina miaka ishirini na sita. Anaweza kunyamaza, na kunyamaza kwake unakujua. Anaweza kuja kwako peke yake na magunia yake. Au atanifungulia mlango bila neno, nami nitaketi pale pako, na kama moyo utamshinda njiani atanishusha Tala, lami inapoishia, na sitamlaumu.

Lala, Mwaitu, mama yangu. Jumamosi ukiliona gari jekundu limefika na kiti cha kando yake ni kitupu, usifikiri nimekataa. Nitakuwa nyuma, nakuja kwa miguu.

Mwanao,
Mwende