Ubaridi wa Mgombani

Mama yangu uliyelala Nkoaranga,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Leo nimekumbuka mchana ule nilipofunga mfuko wa nailoni kwenye tawi la kahawa, kazi ya sayansi ya shuleni. Ulipita na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, ukasimama. "Kahawa yangu imekukosea nini hata uifunge mdomo?"

Tulipomaliza kula tukaukuta mfuko una matone ndani. Ukachovya kidole, ukaonja. "Yametoka wapi, na mvua hakuna?" Nikakueleza kwamba mizizi huvuta maji ardhini, na majani huyatoa yakiwa mvuke kupitia vitundu ambavyo macho hayavioni. Mvuke huo ukiondoka, huondoka na joto. Ulitazama migomba yako, ukacheka. "Kumbe! Miaka yote nadhani ubaridi wa humu ni kivuli tu." Tangu hapo, jua likiwa kali ulikaa mgombani, na ukiitwa ulijibu, "Subirini, napumua na wenzangu."

Ndiyo maana ulipougua uliomba tukuzike hapo hapo, katikati yao.

Wiki hii Baba Mdogo alinipigia simu ofisini Kimandolu. Alitaka kaburi lisakafiwe, liwekwe vigae kabla wageni wa kipaimara hawajafika. Alisema migomba inalificha, na mizizi itapasua saruji. Unanijua, Mama. Mimi ni karani ninayeogopa hata kugonga muhuri kabla sijarudia kusoma. Sikuweza kumpinga. Nilisema tu kwamba nitakuja.

Jumamosi nilikuta migomba yote imekatwa. Mashina yalikuwa bado yanapandisha maji, yanachuruzika juani, na hakuna jani la kuyapokea.

Fundi alikuwa anachanganya zege, Baba Mdogo akimsimamia. Nikasimama kati ya koleo lake na kaburi.

"Baba Mdogo, naomba isimwagwe. Machipukizi yatakosa pa kutokea."

"Ehe! Leo umepata mdomo?"

"Nimepata, baba."

 Alimwambia fundi zege hiyo aipeleke kwenye banda la ng'ombe, akaondoka bila kuniaga. Nililia mpaka fundi akaona haya. Mtu pekee niliyetaka kumsimulia kwamba nimethubutu ni wewe.

Migomba itachukua muda kurudi. Kwa sasa jua lote linakupiga wewe, na mimi niko mjini, sina cha kukukinga nacho. Vumilia, Mama.

Binti yako mwoga.