Wanawake Kumi na Mmoja Waliosimama

Jumatatu, 4 Machi

Siku ya kwanza ya mafunzo! Chumba cha nyaraka kiko nyuma kabisa ya makumbusho: unapita ukumbi wa vinyago, unapita choo, unashuka ngazi sita. Dirisha moja tu, juu karibu na dari. Mwanga unaingia kidogo kidogo na vumbi linaogelea ndani yake. Nililitazama mpaka nikaitwa mara tatu.

Aliyeniita ni mhifadhi nyaraka, bosi wangu. Wenzake wanamwita Mama Penseli, kwa sababu ukiingia kwake na kalamu ya wino unatoka nayo, tena mbio. Amenieleza kanuni zote, nusu saa nzima. Niliitikia kwa kichwa tu. Akili ilikuwa kwenye vumbi.

Nyumbani Mama akauliza: kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo uende kupangusa makaratasi ya marehemu? Ndiyo, Mama. Na nimependa!

Jumatano, 6 Machi

Nimepewa boksi langu mwenyewe. Picha za studio ya mtaani iliyofungwa zamani, mjukuu wa mpiga picha ndiye aliyezileta. Tisini na tatu. Nyuma hakuna jina, hakuna namba. Kazi yangu: kupangusa kila moja kwa brashi laini, baadaye kuivika bahasha yake.

Jamani, nyuso! Bwana kaazima koti, mikono yote imemezwa. Mtoto analia, na mkono wa mtu asiyeonekana umemshika sikio. Msichana anatazama kitu pembeni ya kamera — nani alikuwa amesimama pale? Nilimwazia mchumba, kisha nikamnyang'anya, kisha nikamrudishia. Nilisahau hata kula.

Ijumaa, 8 Machi

Mama Penseli kaenda mkutanoni. Mimi na watu wangu tisini na tatu tu. Nimewatandaza wote mezani. Walikuwa wamechanganyika ovyo — bibi harusi kabanwa katikati ya polisi wawili, masikini, kama kaiba kitu! Nikawapanga upya. Wazee pamoja. Watoto pamoja, wacheze. Wanawake waliosimama peke yao, kumi na mmoja, nikawaweka bega kwa bega wapige soga. Mmoja anaonekana ana maneno mengi, huyo nikamtia katikati.

Nimerudi nyumbani naelea. Kazi kama hii wapi utaipata?

Jumanne, 12 Machi

Leo amekuja bibi mmoja, binti wa fundi saa wa zamani. Mama yake alifariki, akamwacha ana siku tisa. Hajawahi kumwona hata kwenye picha. Baba alichoma kila kitu kwa uchungu. Lakini alikuwa akisema marehemu alipigwa picha mara moja tu maishani, kwenye studio ile. Bibi kasikia picha ziko kwetu. Ana miaka sabini na sita. Alisema bila kulia, kama anaulizia dawa dukani: nataka kujua nimefanana na nani.

Nilitaka kumkumbatia.

Mama Penseli akamwambia aje Ijumaa, asiwe na wasiwasi. Akatoa kabatini daftari la mpiga picha — sikujua hata kama lipo! Kila picha imeandikwa kwa zamu yake. Ya hamsini na nane: mke wa fundi saa, amesimama. "Zilikuja zimepangwa hivyohivyo kama daftari," akaniambia. "Wewe unahesabu tu mpaka hamsini na nane. Rahisi kama kumsukuma mlevi."

Na mimi nilishawapanga upya wote! Nikasema, "Sawa, mama." Mwoga mkubwa mimi!

Jumatano, 13 Machi

Nimemwambia. Kilianza kilio, maneno yakafuata. Hakunifokea. Afadhali angefoka! Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Akasema: siku ya kwanza nilikwambia kitu kikae kama kilivyokutwa. Mpangilio nao ni kumbukumbu. Ulikuwa wapi?

Nilikuwa kwenye vumbi.

Kisha akavuta kiti. "Haya, tufanye kazi." Akanifundisha kutazama nyuma ya watu, si nyuso zao. Studio ilikuwa na pazia moja lililochorwa ngazi. Picha nyingine pazia ni zima, nyingine kona ya kushoto imechanika. Ya hamsini na saba kwenye daftari ni mabwana wawili na baiskeli. Ya sitini ni mapacha. Hao tunawajua kwa macho — na nyuma yao pazia limeshachanika. Basi na mke wa fundi saa vilevile! Kati ya wale kumi na mmoja wamebaki watatu.

Tumegota hapo. "Ijumaa utamweleza wewe mwenyewe," akasema. "Mimi simo."

Alhamisi, 14 Machi

Nimewatazama watatu wangu siku nzima. Mmoja anajizuia kucheka. Mmoja kakumbatia mkoba. Mmoja kafumba macho, bahati mbaya yake. Hakuna aliyefanana na bibi. Au wote wamefanana naye, sijui tena.

Maneno nimeyafanyia mazoezi: bibi, nisamehe, kosa ni langu. Mama akagonga mlango wa bafu. Kuna nani humo?

Ijumaa, 15 Machi

Naandika nimesimama, stoo ya bahasha. Haraka.

Bibi kawahi. Wote kumi na mmoja walikuwa bado mezani, ndiyo kwanza nawaondoa wale wanane. Hata shikamoo sijamaliza, akawaona. Akaweka mkoba chini. Akapita wa kwanza, wa pili, wa tatu, polepole. Wa saba akamchukua kwa mikono miwili, bila glavu. Mama Penseli hakumkataza!

"Ndiye huyu," akasema. "Tazameni paji la uso. La binti yangu wa pili, lilelile!" Akalia. Akacheka. Akaniita mwanangu, akanibariki.

Hayumo kwenye wangu huyo. Si mmoja wa watatu. Pazia nyuma yake ni zima, ngazi zote zinaonekana mpaka kona. Nimetazama mara tatu. Mama Penseli naye akatazama, kisha akanitazama mimi.

Nikasema naenda kuleta bahasha.

Mlango haufungi vizuri, namsikia. Anaongea na picha. Anamtajia wajukuu mmoja mmoja — nani kaoa, nani msumbufu, nani ana mwendo wa babu yake. Kila baada ya jina anasema "mama", taratibu, kama analionja.

Mama Penseli ameniita. Sauti yake ya kawaida tu. Bahasha ninayo mkononi. Ameniita tena.