Ukimya wa Saa Kumi na Mbili

Mwanangu Leonie,

Natumai joto la Perth limepungua. Hapa Dubbo mvua imenyesha, na mzee Merv ameshinda tena trei ya nyama kwenye bahati nasibu ya klabu yetu ya askari wastaafu. Anatamba utadhani kachinja mwenyewe.

Bado mimi ndiye ninayesoma maneno ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Najua hutaki niingie mle klabuni, penye kamari. Lakini kila saa kumi na mbili jioni mashine za kamari hunyamazishwa, watu wote husimama, na lazima mtu asome.

Shida huanza mashine zinapolia tena. Hamu ya kucheza hunipanda. Mshauri wangu wa kuacha kamari, Bi Renuka, amenifundisha nisipigane na hamu wala nisiikimbie. Nisikilize nyayo zangu sakafuni, nifuate pumzi, niitazame hamu ikipanda mpaka ishuke yenyewe. Basi hubaki nimesimama wenzangu wakishakaa.

"Neville, marehemu wameshapumzika. Nawe kaa, bwana," Merv hunitania.

Nyumba ya mama yako niliyoipoteza kwa kamari siwezi kuirudisha, na sikuombi unipigie simu.

Ila nikwambie la jana. Miaka yote, katika ule ukimya, jicho langu lilikuwa likichunga mashine niliyozoea kuchezea, asije mtu akaiwahi. Jana nilifumba macho, na aliyenijia ni Kelvin, rafiki yangu aliyefia vitani Vietnam. Alikuwa anacheka.

Alikuwa na pengo la jino, mwanangu. Nilikuwa nimelisahau.

Baba yako,
Neville